Uzi: Ujazo wa damu, kukolea kwa damu na msukumo wa damu ni vipimo vitatu tofauti, na sisi tunaviita vyote "damu"

Mleta uzi

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni muuguzi mkunga, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia kliniki ya wajawazito na wodi ya wazazi. Nimeamua kuandika baada ya jambo lililotokea mezani pangu wiki chache zilizopita. Alikuja mjamzito wa wiki 28 akifuatana na mama mkwe wake. Siku ya kwanza ya mahudhurio kadi yake iliandikwa damu 12.6, na siku hiyo kipimo kilisoma 11.2. Yule mama aliichukua kadi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Nesi, mkaza mwanangu damu inamwisha na nyinyi mnamwangalia tu." Nikamjibu kwamba damu yake haijaisha, imeongezeka, tena imeongezeka sana. Alinitazama kama mtu anayedhihakiwa.

Nilichomwambia kilikuwa kweli, lakini nilikisema vibaya, kwa sababu neno nililolitumia ni lile lile alilolitumia yeye, na kila mmoja wetu alikuwa na kipimo chake kichwani. Kwa lugha ya kila siku tunasema "damu yangu ni 9", "damu imepungua", "ameongezewa damu", "damu yake inakwenda mbio", na katika sentensi hizo nne tumekwisha kutaja mambo matatu yasiyopimwa kwa chombo kimoja wala kwa kizio kimoja.

La kwanza ni ujazo, yaani damu iliyomo mwilini ni lita ngapi. Mtu mzima hukadiriwa kuwa na mililita 70 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 70 ana karibu lita 5. Mtoto mchanga kwa kilo moja ana damu nyingi kidogo kuliko mtu mzima, lakini kwa kuwa kilo zake ni chache, damu yake yote inaingia katika kikombe kimoja cha chai. Ndiyo maana tunaogopa kitovu cha mtoto kinachovuja, hata kama tone linaonekana dogo.

La pili ni kukolea. Namba inayoandikwa kwenye kadi ya kliniki haisemi damu ni lita ngapi; inasema katika kila desilita ya damu mna gramu ngapi za himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Wazee wetu walikuwa wakitajiwa kwa asilimia, "damu yako ni asilimia 60", ambapo 100 ilihesabiwa kuwa kati ya gramu 14 na 15. Bado nawapata wazee wanaouliza kwa mtindo huo, na 11 wakiisikia wanadhani ni asilimia 11, wanataka kuzimia.

La tatu ni msukumo, yaani presha, ambayo ni nguvu ya damu inavyozibana kuta za mishipa. Hii hupimwa kwa milimita za zebaki. Haituambii lita wala gramu.

Kwa yule mama nilitafuta mfano, nikaupata kwenye chupa ya chai iliyokuwa kando. Nikamwambia: Mama, una sufuria ya chai iliyokolea, ya watu wanne. Wageni wakaongezeka. Ukatia majani kidogo na maji mengi. Chai imekuwa nyingi kuliko mwanzo, na majani yaliyomo ni mengi kuliko mwanzo, lakini ukiimimina kikombeni rangi imepauka. Mimba ndivyo inavyofanya. Kufikia miezi mitatu ya mwisho damu ya mjamzito huwa imezidi ya kawaida kwa asilimia 40 hadi 50, ila maji ya damu, yaani plazma, huongezeka upesi kuliko chembe nyekundu. Kwa hiyo kushuka kutoka 12.6 hadi 11.2 si ugonjwa. Ndiyo maana hata kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha kusema mtu ana upungufu ni chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba, na chini ya 11 kwa mjamzito (10.5 katika miezi mitatu ya katikati). Ikiwa chini ya 7, huo ni upungufu mkali na hauna mjadala.

Mfano huo huo wa chai una upande wa pili, na upande huu ndio ulionifanya niandike. Chukua sufuria iliyokolea vizuri, umwage nusu yake. Iliyobaki ina rangi gani? Ile ile. Mama aliyejifungua akavuja lita moja na nusu ndani ya nusu saa, ukimpima himoglobini wakati huo huo, kipimo kinaweza kusoma 11 kama asubuhi, kwa sababu kilichopotea ni ujazo, na kilichobaki hakijapata muda wa kuchanganyika na maji yanayovutwa kutoka nje ya mishipa. Presha nayo huchelewa kusema kweli. Mishipa hujibana, moyo hupiga haraka, na namba ya juu inaweza kubaki nzuri mpaka karibu theluthi moja ya damu imekwisha kutoka. Ndugu anaambiwa mlangoni "presha yake nzuri, damu yake 11", anakwenda zake kununua soda, na anaporudi anakuta mambo yamebadilika.

Naomba tujadili maneno. Je, "wingi wa damu" liendelee kumaanisha himoglobini?

Mchangiaji wa kwanza

Dada mkunga, nashukuru kwa uzi huu. Mimi nafundisha baiolojia, na naona tatizo linaanza mapema zaidi, kwenye neno "mshipa".

Darasani tunafundisha ateri, vena na kapilari. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha, na kapilari ni vijia vyembamba vinavyoziunganisha. Mwanafunzi akitoka nje ya lango la shule, vyote vinakuwa mshipa, na pamoja navyo mshipa wa fahamu, ambao hauna damu ya kusafirisha, na hata kano za nyuma ya goti. Nikiuliza tofauti ya ateri na vena, wengi hujibu "ateri ina damu safi na vena ina damu chafu". Damu ya vena si chafu. Imepungukiwa oksijeni tu, na ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni hubeba damu hiyo hiyo. Mgawanyo unafuata mwelekeo, haufuati usafi.

Mzunguko wenyewe uligunduliwa kwa hesabu ya ujazo, na mleta uzi ataipenda hadithi hii. Kwa karne nyingi ilifundishwa kwamba damu hutengenezwa kwenye ini, hutumika mwilini na kuisha kama maji shambani. Katika karne ya 13 Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu haiwezi kupenya ukuta wa katikati ya moyo, kwa hiyo lazima ipitie mapafuni ili kufika upande wa pili. Kisha mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alikadiria kiasi cha damu kinachotoka moyoni kwa pigo moja, akakizidisha kwa mapigo ya nusu saa, akaona kimezidi damu yote iliyomo mwilini. Chakula gani kingeweza kutengeneza damu nyingi kiasi hicho kila nusu saa? Hapakuwa na jibu isipokuwa damu ni ile ile, inazunguka. Harvey hakuziona kapilari. Marcello Malpighi ndiye aliyeziona mwaka 1661 katika mapafu ya chura, kwa hadubini.

Leo tunaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni. Pigo moja la mtu mzima aliyetulia husukuma mililita 70 hivi. Mapigo 72 kwa dakika yanatoa lita 5 kwa dakika, yaani karibu damu yote huzunguka mara moja kila dakika. Vitabu vingine huita kiasi hicho "pato la moyo". Wanafunzi wangu hucheka, maana pato wanalolijua wao ni la taifa.

Mchangiaji wa pili

Bi mkunga, salaam kutoka Mombasa. Mwalimu amegusa "mshipa" lakini hakufika kwetu.

Pwani, mwanamume akisema ana mshipa, watu huelewa ngiri au busha, na hulitamka jambo hilo kwa sauti ya chini. Ami yangu alivimba mguu mmoja, akapelekwa hospitali, na daktari kijana aliyetoka bara akamwambia mbele ya wakwe zake, "Mzee, una tatizo la mshipa, umeziba." Daktari alikusudia damu iliyoganda ndani ya vena ya mguu, jambo la hatari linaloweza kupanda hadi mapafuni. Ami yangu alisikia jambo jingine kabisa. Alikataa kuvuliwa, akakataa kulazwa, akataka kurudishwa nyumbani, na ilimlazimu shangazi amvute daktari kando amweleze. Lau angesema "damu imeganda ndani ya njia ya damu ya mguu wako", ami angelazwa saa ile ile.

Na safura nalo lina yake. Kwa wazee wetu safura ni weupe wa viganja na kope, uchovu, uso kuvimba, na walilihusisha na minyoo, jambo ambalo kwa minyoo inayonyonya damu utumboni lilikuwa sahihi. Siku hizi neno hilo linasahauliwa, na nafasi yake imechukuliwa na "hana damu". Mtu asiye na damu ni maiti.

Mchangiaji wa tatu

Samahani kwa swali la mtu asiyesoma sayansi. Mzee wangu aliambiwa presha yake ni 150 kwa 95. Akatuambia nyumbani kwamba anazo zote mbili, ya kupanda 150 na ya kushuka 95, na kwamba anatakiwa anywe dawa ya kupunguza na maji ya chumvi ya kuongeza. Je, yuko sahihi? La pili, mtu akitundikiwa dripu, ameongezewa damu au la?

Mleta uzi

Ndugu yangu, mwambie mzee aache maji ya chumvi leo hii. Namba zote mbili ni za presha moja. Ya juu ni msukumo wakati moyo unaposinyaa na kutoa damu, na ya chini ni msukumo unaobaki katika mishipa wakati moyo unapotulia ili ujae tena. Kwa kawaida 140 kwa 90 na kuendelea, ikirudiwa kupimwa siku tofauti na kubaki hivyo, huitwa shinikizo la juu la damu. Kwa hiyo 150 kwa 95 ni presha ya juu kwa namba zote mbili, na chumvi itaipandisha zaidi. Sisi wahudumu tuna lawama hapa: tunasema "ya juu" na "ya chini" tukimaanisha namba, mgonjwa anasikia magonjwa mawili. Nami husema "namba ya kwanza" na "namba ya pili". Tena tuache kusema fulani "ana presha". Kila aliye hai ana presha.

Anayetaka kujua milimita za zebaki ni nini, afikirie mrija uliosimamishwa. Mwaka 1733 Stephen Hales wa Uingereza alitangaza kwamba aliingiza mrija katika ateri ya farasi jike, na damu ikapanda kimo cha mita 2 na nusu. Mrija wa namna hiyo hauingii chumbani kwa daktari, ndiyo maana baadaye ikatumika zebaki, ambayo ni nzito mara 13.6 kuliko maji. Namba 120 tunayoisoma ingeweza kusimamisha maji hadi mita 1.6, karibu kimo cha mtu.

Kuhusu dripu: hapana, maji si damu. Dripu ya kawaida ni maji yenye chumvi au sukari kwa vipimo. Huongeza ujazo ndani ya mishipa kwa muda, na kwa kufanya hivyo hupunguza kukolea. Ni kule kutia maji kwenye sufuria. Hata kasi yake ni hesabu. Chupa ya mililita 500 ikitakiwa iishe kwa saa 4, na mrija wetu wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja, natakiwa nirekebishe kidhibiti mpaka nihesabu matone 42 kwa dakika. Nasimama na saa ya mkononi, midomo inacheza, na ndugu wa mgonjwa wakiniona wanadhani naomba dua. Tafadhalini msikisogeze kile kidhibiti ili "maji yaishe upesi twende nyumbani".

Maji mengi yanaweza kuua. Kwa muda mrefu ilifundishwa duniani kote kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu, mikono baridi na mapigo ya haraka, amiminiwe maji mengi upesi. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141, matokeo yake yakatolewa mwaka 2011, ulionyesha kinyume: waliomiminiwa maji upesi walifariki zaidi ndani ya saa 48, takriban 10.6 kwa kila 100, dhidi ya 7.3 kwa wale ambao hawakumiminiwa. Watoto wenye kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule, na hao bado wanahitaji maji. Nalitaja kwa sababu limetoka kwetu, hospitali zetu na watoto wetu, na limebadilisha fikra za watu wa mbali: kuongeza ujazo si lazima kuboreshe mzunguko.

Mchangiaji wa nne

Ndugu mkunga, mimi hutafsiri vipeperushi vya afya, na naomba kupinga kidogo. "Kukolea" ni neno zuri jikoni, lakini kwenye kadi litaleta utata wa aina yake. Mwenye sukari ataambiwa damu yake imekolea sukari, mwenye homa ya dengue ataambiwa damu imekolea kwa kuwa plazma imevuja nje ya mishipa, na mama mjamzito ataambiwa damu haijakolea. Vitabu vya kemia vina "ukolezo", ambalo halina harufu ya chai. "Wingi wa damu" nalo limekwisha kuzoeleka. Kulitoa katika vinywa vya watu ni kazi ya miaka.

"Pato la moyo" nalitetea. Mwalimu anasema wanafunzi hucheka, lakini neno walilolichekea hawalisahau.

Mleta uzi

Mfano wako wa dengue nauchukua kuwa ushahidi wangu. Pale ndipo himoglobini inaweza kusoma juu, mgonjwa akapongezwa kwamba "damu nyingi", ilhali ujazo ndani ya mishipa unapungua saa baada ya saa. Ukimwambia daktari "kukolea kumepanda" atauliza maji yamekwenda wapi. Ukimwambia "wingi wa damu umepanda" mtu wa kawaida atafurahi. Lakini sina ugomvi na "ukolezo" kwa maandishi ya kitaalamu. Mezani kwangu nitaendelea na chai. Kuhusu pato, mimi husema "kiasi kinachosukumwa kwa dakika". Ni refu, lakini halihitaji kufafanuliwa.

Mchangiaji wa tano

Wakuu, vipi "shoki"? Shemeji yangu alipojifungua tuliambiwa "ameingia kwenye shoki". Mama yake akauliza ni nani aliyemshtua, na akaanza kuwalaumu wakunga kwamba walimfokea. Na je, sisi ndugu tunaokaa nje tunawezaje kujua kama damu iliyotoka ni nyingi?

Mleta uzi

Pole kwa hayo. Shoki si kushtuka. Ni hali ambayo damu inayozunguka haitoshi kufikisha oksijeni kwenye viungo. Mtu hupauka, hutoka jasho la baridi, mapigo hukimbia, mkojo hupungua. Kiasi cha mkojo nacho tunakipima: kwa mtu mzima tunataka angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa kila saa, kwa hiyo mwenye kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa tunaanza kuwa na wasiwasi. Kwa ndugu mimi husema "mzunguko wa damu umelegea kwa kuwa damu imetoka nyingi". Hakuna anayeuliza nani kamshtua.

Kuhusu kukadiria, macho hudanganya, hata ya mkunga mzoefu. Damu ikimwagika sakafuni huonekana nyingi, ikimezwa na godoro au nguo huonekana kidogo. Kiwango tulichozoea kukihesabu kuwa damu imetoka nyingi ni mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Huko Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakunga wa jadi walifundishwa kutumia kanga kuwa kipimo, kwa kuwa ukubwa wake unajulikana na kila mwanamke anayo: kanga mbili zikilowa chepechepe, nusu lita imepita, asingojee. Siku hizi kuna karatasi ya nailoni yenye mfuko uliochorwa mistari ya mililita, inatandikwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, na damu inajikusanya yenyewe na kusomeka. Utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukachapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kutumia mfuko huo pamoja na kutoa matibabu yote kwa mara moja kulipunguza visa vya kuvuja damu kwa hali mbaya kwa asilimia 60. Na tangu mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani linashauri hatua zianze hata kwenye mililita 300, ikiwa mapigo au presha vimeanza kubadilika.

Kwa ndugu mlio nje, ombi langu ni moja. Mama akiwa amerudi wodini na mkakabidhiwa kanga zake, nyingi zimelowa, msiende kuzifua wala kuzifunga kwenye mfuko mkaziweka chini ya kitanda kwa aibu. Zileteni kwanza nizione, na mniambie ni ngapi.